Nimepangiwa sosholojia chuo cha umma, nyumbani wanauliza nitafanya kazi gani

Swali: Nimemaliza sekondari na nimepangiwa Shahada ya Sosholojia katika chuo kikuu cha umma. Chaguo langu la kwanza lilikuwa sheria. Baba anataka nikae nyumbani mwaka mmoja niombe upya, kwa sababu anasema hajawahi kuona tangazo la kazi linalotafuta "mwanasosholojia". Mama anasema nisiache nafasi niliyopata. Mimi mambo ya jamii nayapenda, ila naogopa kumaliza chuo nikakaa bila kazi. Je, nikubali? Na nikikubali, nifanye nini nisije nikajuta? (Binti wa miaka 19)

Jibu: Mwanangu, baba yako ameona sawasawa. Matangazo yanayomtaja mwanasosholojia kwa jina ni machache mno. Hitimisho lake ndilo nisilokubaliana nalo. Kazi zenyewe zipo kwa majina mengine: ofisa maendeleo ya jamii, ofisa ufuatiliaji na tathmini, msaidizi wa utafiti, mtaalamu wa masuala ya jamii kwenye miradi ya ujenzi, ofisa ushirikishwaji wa wadau, ofisa rasilimali watu, mtafiti wa soko. Ukishuka kwenye sifa za mwombaji utakuta wameandika "shahada ya sosholojia, anthropolojia, maendeleo ya jamii au fani inayofanana na hizo". Mwombe mzee mkae pamoja mpitie matangazo kadhaa ya aina hiyo, msome sifa badala ya kichwa cha tangazo. Atakuelewa haraka kuliko ukimletea hoja za mdomo.

Sasa hayo maneno "fani inayofanana na hizo" yakushughulishe wewe. Yanakwambia kwamba hakuna kazi iliyotengwa kwa ajili ya wenye shahada yako peke yao. Muuguzi na wakili wanalindwa na leseni. Mtu mwingine akifanya kazi yao anavunja sheria. Wewe hutakuwa na ulinzi huo. Aliyesoma sayansi ya siasa, jiografia au uchumi ataomba nafasi ileile unayoomba wewe, na wakati mwingine ataipata. Kwa hiyo cheti kitakufikisha kwenye foleni, na kutoka hapo unabaki na unachoweza kufanya.

Nakushauri ukubali nafasi, lakini uingie ukijua tangu siku ya kwanza kwamba watu watakulipa kwa uwezo mmoja: kupata taarifa za kuaminika kutoka kwa watu, kuzichambua kwa haki, na kuziandika zikaeleweka na mtu mwenye haraka. Ukijenga uwezo huo utapata kazi, ingawa pengine si mwezi wa kwanza. Ukitegemea kukariri nadharia ili ufaulu mitihani, hofu yako ina msingi.

Mwaka wa kwanza utajaa majina. Auguste Comte, aliyeipa taaluma hii jina lake katika miaka ya 1830, Karl Marx, Max Weber, Émile Durkheim. Wahadhiri wengine huanza mbali zaidi, kwa Ibn Khaldun, aliyeandika *Mukadima* mwaka 1377 akieleza jinsi mshikamano wa kundi unavyojenga dola na jinsi starehe za mji zinavyoulegeza. Wanafunzi wengi huona haya ni mambo ya kale na huyasoma usiku wa kuamkia mtihani. Usifanye hivyo. Mchukue Durkheim. Mwaka 1897 alichapisha utafiti wake kuhusu kujiua, jambo ambalo kila mtu angesema ni la moyoni mwa mtu mmoja. Akaonyesha kwa takwimu za serikali za Ulaya kwamba viwango vyake vinatofautiana kati ya kundi na kundi, Waprotestanti na Wakatoliki, walio kwenye ndoa na wasio nayo, na kwamba tofauti hizo zinajirudia mwaka hadi mwaka. Baadaye wakaja waliomhoji: takwimu hizo ziliandikwa na nani? Pale ambapo familia inaona aibu, au dini inakataza, ofisa ataandika "ajali". Ukishika mambo hayo mawili pamoja, kwamba namba inaweza kufichua kisichoonekana kwa macho na kwamba kila namba ina mtu aliyeiandika, umepata kitu utakachokitumia kila siku ya kazi yako.

W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, naye asipite bure. Kitabu chake cha mwaka 1899 kuhusu Wamarekani weusi wa Philadelphia kilitokana na yeye mwenyewe kupita mlango kwa mlango katika kata moja ya mji huo, akihoji maelfu ya watu kuhusu kazi, kodi ya nyumba, afya na shule. Karatasi alizojaza na dodoso utakalopewa kwenye simu leo ni kazi ileile.

Nimesaidia kusaili wahitimu wa fani hii, na kuna namba ninayopenda kuiuliza: 384. Utaikuta kwenye tasnifu nyingi sana. Mwanafunzi anaandika kwamba sampuli yake ni watu 384, basi. Ukimuuliza kwa nini si 300 wala 500, anasema ndiyo fomula. Namba hiyo inatoka kwenye masharti: idadi ya watu ni kubwa, unataka uhakika wa asilimia 95, unakubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, na kila mtu amechaguliwa kwa bahati nasibu bila upendeleo. Sasa wewe ulikwenda vijiji vinne ukahoji watu 96 kila kijiji. Watu wa kijiji kimoja hufanana: maji wanachota pamoja, mvua wanapata au wanakosa pamoja. Majibu 96 ya hapo hayana uzito sawa na majibu ya watu 96 waliotawanyika nchi nzima, na 384 yako imepungua nguvu. Mhitimu anayeweza kunieleza hilo kwa dakika mbili, kwa lugha ya kawaida, namkumbuka hata kama alama zake ni za wastani.

Ufundi wa kuuliza nao ni hivyohivyo. Mtu asiyesomea ataandika: "Je, unaridhika na huduma za zahanati?" Atajibiwa "ndiyo" na karibu kila mtu, kwa sababu mgeni ameshika karatasi, pengine ametumwa na serikali, na nani anataka maneno? Aliyefundishwa vizuri atauliza: "Mara ya mwisho mtu wa nyumba hii alipougua, mlimpeleka wapi kwanza? Alisubiri kwa muda gani kabla ya kuonwa? Kuna dawa mliyoandikiwa mkaambiwa mkanunue nje?" Hapo mtu hasifu wala halaumu, anasimulia lililotokea. Majibu yanaweza kuhesabiwa, na mkuu wa zahanati akiyaona anajua cha kurekebisha. Halafu kuna swali la nani hasa ni "mtu wa nyumba hii". Kijana aliyeko mjini anayetuma hela kila mwezi umhesabu? Na mke wa pili mwenye jiko lake? Ofisi za takwimu huandika maelezo marefu kwa ajili ya hilo tu, kwa sababu ukikosea tafsiri ya kaya, kila wastani unaofuata umekosewa.

Sasa nikuonyeshe kazi moja kwa undani, kwa kuwa wanafunzi wengi hawaijui mpaka wanapohitimu.

Mwaka 1974 Benki ya Dunia ilimwajiri Michael Cernea, mzaliwa wa Romania, akawa mwanasosholojia wake wa kwanza wa ndani. Wakati huo bwawa au barabara kuu ikipita, watu walihamishwa, na hesabu iliishia kwenye thamani ya nyumba na shamba. Mwaka 1980 Benki ilitoa sera yake ya kwanza kuhusu watu wanaohamishwa bila hiari yao, na Cernea ana mchango mkubwa ndani yake. Baadaye alipanga hatari nane zinazomfukarisha anayehamishwa: kupoteza ardhi, kupoteza kazi, kupoteza makazi, kusukumwa pembeni katika jamii, uhaba wa chakula, maradhi kuongezeka, kupoteza mali za pamoja, na kuvunjika kwa mahusiano ya watu. Mbili za mwisho ndizo zinazotuhusu zaidi sisi. Malisho ya kijiji, kuni za msituni, kisima, jirani anayekuangalizia mtoto ukienda shamba, kikundi cha kuzikana: hakuna hata kimoja chenye hati, na mthamini wa majengo hana mahali pa kuviandika.

Leo kuna kanuni zinazolazimisha vitu hivyo viangaliwe. Tangu Oktoba 2018 Benki ya Dunia inatumia viwango kumi vya mazingira na jamii. Cha 5 kinahusu utwaaji wa ardhi na uhamishaji wa watu, cha 10 kinahusu ushirikishwaji wa wadau. Mradi unaokopa huko hauendelei vizuri bila watu wa kuhesabu kaya zilizoguswa, kuandikisha mali, kuendesha mikutano, kupokea malalamiko na kufuatilia kama aliyehamishwa amesimama tena. Wengi wanaoajiriwa kwa kazi hiyo wamesoma sosholojia au anthropolojia, na mwajiri mara nyingi ni kampuni ya ushauri au mkandarasi, si Benki yenyewe. Kazi yenyewe ni ya jua na vumbi. Unakaa na mume na mke mkikagua orodha ya miti yao, na unapaswa kujua kwamba akaunti ya fidia ikifunguliwa kwa jina la mume peke yake, mke anaweza asione kitu. Unatangaza siku ya ukomo, ambayo baada yake ujenzi mpya haulipwi, na unahakikisha habari imemfikia hata bibi asiyetoka nyumbani. Ukifanya vibaya, watu wanaumia kweli. Hili lichukulie kwa uzito kuliko mshahara.

Afya ya jamii ni eneo jingine. Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, ulioanza 2013 na kudumu hadi 2016, uliwafundisha madaktari jambo ambalo wanasayansi ya jamii walikuwa wakilisema. Timu za maziko zilipochukua maiti bila ibada wala kuaga, familia zilificha wagonjwa na kuzika usiku. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa maziko salama na yenye heshima, unaowapa ndugu na viongozi wa dini nafasi yao bila mtu kugusa mwili. Watafiti wa mila na jamii walishiriki kwenye mabadiliko hayo. Tangu hapo ni vigumu kukuta mpango mkubwa wa chanjo au wa kupambana na mlipuko usiokuwa na mtu wa kufuatilia uvumi, hofu na imani za watu.

Sehemu nyingine nitazipitia kwa haraka. Rasilimali watu inawezekana, hasa ukisoma masomo ya hiari ya sheria za kazi. Utafiti wa soko unalipa vizuri kwa anayejua takwimu. Serikalini, ajira za maendeleo ya jamii zipo lakini hutoka kwa vipindi na waombaji ni wengi. Ukitaka kufundisha chuoni utahitaji shahada ya uzamili na baadaye uzamivu. Ukitaka kufundisha sekondari utahitaji sifa ya ualimu juu ya shahada yako.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yanahitaji maneno zaidi, maana wanafunzi wengi huyaona kama kimbilio. Yanaajiri sana watu wetu, na yanafundisha kazi vizuri. Ila mikataba ni ya mwaka mmoja au miwili, inafuata fedha za mfadhili. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi katika nchi nyingi ilifungwa ghafla na watu wenye uzoefu wa miaka wakajikuta nje. Ukienda huko, nenda na ujuzi unaohamishika, na usijenge maisha yako juu ya mradi mmoja.

Kuna jambo ambalo watu hulichanganya mpaka wanalia baadaye. Sosholojia na ustawi wa jamii ni shahada mbili tofauti. Ukitaka kushughulika na mtoto aliyetelekezwa, mgonjwa hospitalini au familia yenye ugomvi, mtu mmoja mmoja, hiyo ni kazi ya ofisa ustawi wa jamii, na nchi nyingi zinamtaka awe amesomea ustawi wa jamii wenyewe na kusajiliwa. Kama moyo wako uko huko, badilisha kozi mapema, kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza.

Kuhusu chuo cha umma: ada yake kwa kawaida ni nafuu kwa sababu serikali inabeba sehemu ya gharama, na wahadhiri wake wengi wana miradi ya utafiti. Utakaa darasani na watoto wa wakulima, wa walimu, wa wafanyabiashara, waliotoka kila upande wa nchi. Kwa mwanafunzi wa jamii hiyo ni shule ndani ya shule. Tatizo ni wingi. Ukumbi unaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, semina inageuka mhadhara wa pili, na msimamizi wa tasnifu ana wanafunzi wengi kuliko muda alionao. Unaweza kupita miaka yote bila mhadhiri hata mmoja kujua jina lako, halafu ukahitaji barua ya mdhamini.

Kwa hiyo jitokeze. Nenda ofisini kwa mhadhiri saa alizopanga, na swali moja lililotokana na ulichosoma. Ukifika mwaka wa pili, muulize kama ana mradi unaohitaji wadodosaji au watu wa kunukuu rekodi za mahojiano, yaani kusikiliza na kuandika kila neno lililosemwa. Kunukuu kunachosha, rekodi ya saa moja inaweza kukula saa nne hadi sita, lakini hakuna darasa litakalokufundisha kusikiliza namna hiyo. Utasikia mahali ambapo mhoji alimkatiza mtu aliyekuwa karibu kusema jambo la maana. Na lugha ya kwenu, kama unaizungumza vizuri, itaje kwenye wasifu wako. Watu wanaoweza kutafsiri dodoso likabaki na maana ileile hutafutwa.

Takwimu usizikimbie. Najua wengi huchagua fani hii wakidhani wameziacha hesabu sekondari. Anza na Excel mpaka uweze kupanga na kusafisha data bila msaada, kisha jifunze programu moja ya takwimu kwa kina. Vyuo vingi hufundisha SPSS. Stata nayo hutumika sana kwenye tafiti za kaya. R haina malipo, ukiwa na kompyuta yoyote unaipata, kwa hiyo ukosefu wa pesa usiwe kikwazo. Jifunze pia kutengeneza dodoso la simu kwa KoboToolbox au mfumo kama huo. Mhitimu anayeweza kuandaa dodoso, kulijaribu, kuongoza wadodosaji na kutoa jedwali safi jioni yake anaanza akiwa hatua moja mbele.

Tasnifu ya mwaka wa mwisho ifanye iwe kazi ya kuonyesha kwenye usaili. Mada kama "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana" imeandikwa hadi imechakaa, na haina mwisho. Chukua kitu chembamba unachoweza kukifuata kwa miguu: jinsi wasichana waliohamia mjini wanavyopata chumba cha kupanga, nani anawadhamini, wanakataliwa kwa sababu gani. Ukiwahoji wasichana 25 kwa uvumilivu, ukawaomba ridhaa na kuwaficha majina, utakuwa na jambo la kusema ambalo hakuna mwingine mezani analijua.

Tuje kwenye sheria. Kukaa mwaka mmoja kuna maana kama matokeo yako yanatosha kabisa kuingia sheria, na ulikosa kwa sababu tu ya kupanga vibaya machaguo au kuchelewa kuomba. Kama matokeo yenyewe yalikuwa chini ya kiwango kilichopokelewa, mwaka wa kusubiri hautayabadilisha, isipokuwa urudie mitihani. Pia fahamuni nyumbani kwamba katika nchi nyingi shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Kuna mafunzo ya vitendo na mitihani mingine baada yake. Na kwako ninauliza: sheria uliitaka kwa sababu unapenda kubishana juu ya maandishi ya sheria, au kwa sababu ina heshima? Barua yako inasema unapenda mambo ya jamii. Hukusema unapenda sheria.

Kabla ya kuthibitisha nafasi, omba mtaala wa shahada hiyo kutoka idarani, wa miaka yote. Angalia kozi za mbinu za utafiti na takwimu ni ngapi. Zikiwa pungufu ya tatu, panga mapema utajazia wapi, kwa masomo ya hiari ya idara ya uchumi au takwimu. Angalia kama mafunzo kwa vitendo ni ya lazima na huchukua wiki ngapi, na kama tasnifu ni ya lazima au mtu anaweza kuikwepa kwa kusoma kozi mbili za ziada. Ikiwezekana kuikwepa, wewe usiikwepe. Kisha waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, si wa kwanza, ni mhadhiri gani anayewachukua wanafunzi kwenye utafiti wake, na uhifadhi jina hilo.